Nyumba Moja, Majina Manne

Jumamosi iliyopita mlinialika kwenye ukumbi wa kanisa, hapa Wheaton, niwaeleze jinsi ya kutafuta asili ya ukoo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipokuwa na meno yote hadi goti liliponikatalia ngazi za ofisi. Niliwakuta mmeinamia simu, mnachora miti ya ukoo. Nikakaa kimya, mkadhani nimechoka. Mmoja wenu akaniletea mto wa kuegemea.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekasirika, na sikutaka kuwakaripia watoto wa watu mbele ya chai na sambusa. Ndiyo maana ninawaandikia.

Kilichonikasirisha ni hiki. Msichana mwenye nywele nyekundu, aliyeketi karibu na dirisha, aliandika jina la babu yake kwenye simu. Mashine ikamgawia jina hilohilo bibi yake, mama wa babu yake, na wanawake wote walioolewa humo. Mti mzima ukavaa jina moja kama sare ya shule. Akafurahi. Nilipomuuliza bibi yake aliitwaje kwa baba yake, akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwamba hakuna nafasi ya kuandika hilo.

Hakuna nafasi. Mwanangu, wewe hukujua ulichokisema. Kwa maneno hayo mama yangu alikufa akimngoja mwanawe, na mwanawe yuko hai mpaka leo.

Nitaanza na kazi yenyewe, kwa sababu msipoielewa kazi hamtaielewa hasira.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni. Tulikuwa tukitafuta asili za Wamarekani ambao mababu zao walitoka Quebec, sehemu ya Kanada inayosema Kifaransa. Wako wengi kuliko mnavyodhani. Mwanamke mweusi kutoka Bukavu aliingiaje huko? Kwa Kifaransa cha masista walionifundisha, na kwa bahati. Nilikuwa ninawaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Hyattsville, na mzee mmoja katika ukumbi wangu alikuwa amesahau Kiingereza chote, amebaki na Kifaransa cha utotoni. Dada yake alikuja kumtembelea akatukuta tunabishana, mimi nikimsihi anywe uji, yeye akinieleza kwa nini uji ni chakula cha farasi. Dada mtu akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama ninaweza kusoma mwandiko mbaya wa mapadre.

Huyo ndiye Madame Odile, mwalimu wangu. Alizaliwa katika mji wa viwanda vya nguo huko New Hampshire, wazazi wake wakiwa wametoka Quebec. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na alitukana kama watu wa kwao wanavyotukana, yaani kwa vyombo vya altareni. Akigonga kidole mlangoni, utasikia tabernakulo. Kompyuta ikizima, utasikia kalisi na hostia. Mimi niliyelelewa na masista nilikuwa nikipiga ishara ya msalaba chini ya meza, hadi siku nilipojikwaa kwenye zile ngazi na tabernakulo ikanitoka yenyewe. Odile akapiga makofi. Akasema sasa nimehitimu.

Alinifundisha mambo ambayo simu zenu hazijui. Anza na ndoa, usianze na kuzaliwa, kwa sababu padre wa Quebec alipofungisha ndoa aliwaandika wazazi wa pande zote mbili, na hapo unapata watu sita kwa mara moja. Watazame wasimamizi wa ubatizo, maana hakuna anayemshika mtoto wa mtu asiyemjua. Karibu kila mara utamkuta shangazi au mjomba. Usiwaamini akina Joseph. Karibu kila mvulana alibatizwa Joseph na kila msichana Marie, na juu ya hapo, mtoto akifa mchanga, anayemfuata alipewa jina la marehemu. Odile mwenyewe, katika ujana wake, aliwahi kuwaambia ndugu wa familia moja kwamba babu yao alikufa akiwa na wiki mbili. Walikuwa wamekuja wajukuu kumi na kitu, wamejaza chumba. Walimtazama, wakatazamana.

Halafu akanifundisha lile lililoibeba kazi yetu yote. Watu wale walikuwa na majina mawili ya ukoo. La kwanza lilitoka kwa baba. La pili lilianza kama jina la utani: la askari, la shamba, la tabia fulani. Kati ya majina hayo mawili padre aliweka neno dogo lenye maana ya “anayeitwa”. Kulikuwa na askari walioitwa Asiyejali, na Ua, na hata Mkata-mlima. Vita vikiisha, Mkata-mlima anaoa, analima, anazeeka, na watoto wake wanarithi. Huyu anachukua jina la baba, yule anachukua la utani. Ndugu wa tumbo moja wanaingia kaburini na majina mawili tofauti, na kijiji kizima kinajua ni ndugu.

Kisha wakaja huku Marekani kufanya kazi viwandani, msimamizi akashindwa kutamka, akatafsiri. Boisvert, yaani mti mbichi, akawa Greenwood. Roy, yaani mfalme, akawa King. Alitujia Bwana King mmoja mwenye pete ya simba kidoleni, ana hakika kabisa kwamba ametoka katika ufalme. Odile alimtafutia miezi mitatu, akamkalisha, akamwambia kwa upole kwamba babu yake wa saba alichonga viatu vya mbao na alishtakiwa na jirani kwa sababu ya nguruwe. Yule bwana akauliza kama labda nguruwe alikuwa wa mfalme.

“Fuata mama,” Odile alikuwa akiniambia. “Mwanamume anabadili jina anapobadili kazi. Mwanamke wa kwetu anazaliwa na jina la baba yake, anaolewa nalo, anazikwa nalo. Ukimpoteza baba, rudi kwa mama. Atakuwa amekaa palepale.”

Mnadhani nilishangaa? Nilicheka. Mama yangu aliitwa M'Cibalama. Kwetu Bushi, kando ya Bukavu, jina hilo maana yake ni binti wa Cibalama, na aliolewa nalo kwa baba yangu Mugisho bila mtu yeyote kuona ajabu. Mimi nikaitwa Nsimire. Mdogo wangu wa mwisho akaitwa Cirhuza. Nyumba moja, majina manne. Hakuna aliyewahi kusimama mlangoni petu kuuliza nani ni wa nani. Nilimweleza Odile, akaniambia basi amepoteza muda wake kunifundisha, kwa kuwa nimekuja nikiwa nimeshajua.

Miaka ikapita hivyo, yeye akitafuta na mimi nikitafuta, na mwenye ofisi, Bwana Harlan, akitia sahihi. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Ripoti tuliandika sisi, jina lililo chini lilikuwa lake. Sikuliona kuwa tatizo. Nilikuwa na sentensi yangu moja ambayo niliitunga mwenyewe na kuitumia mara nyingi sana hata vidole viliijua: “Tofauti ya majina ya ukoo kati ya ndugu hawa ni desturi inayojulikana, wala haitii shaka yoyote juu ya undugu wao.” Sentensi hiyo imefungua milango. Siku hizi Wamarekani wengi wanamtafuta bibi aliyezaliwa Kanada ili wapate pasipoti ya huko. Alikuja Bwana Greenwood, ana nyumba nzuri ya matofali kule Shaw. Babu yake mkuu alikuwa Greenwood, ndugu mmoja wa huyo babu alikuwa Boisvert, mwingine Joubin. Majina matatu, baba mmoja. Nikaandika sentensi yangu, Harlan akatia sahihi, maofisa wa Kanada wakaikubali. Bwana Greenwood alituletea keki. Alisema ni jambo la kupendeza sana, ndugu watatu kuwa na majina matatu. Lina ladha ya kale.

Lina ladha ya kale. Kumbukeni hayo.

Wakati huo mama alikuwa amekwisha kuja kuishi nami Hyattsville, na alikuwa raia wa Marekani. Aliapa akiwa amevaa kitenge kipya, akajibu maswali ya serikali kwa Kiingereza ambacho mimi na Wanjiru, jirani yangu Mkenya aliyekuwa akimtunza mchana, tulikuwa tumemkaririsha jikoni. Kwa nini mwanamke wa umri ule ajitese hivyo? Kwa ajili ya Cirhuza. Sisi wawili ndio tuliobaki katika watoto wake, na Cirhuza alikuwa amekimbilia Kampala, amekwama huko, anashona nguo kwenye kibaraza cha mtu. Raia anaweza kumwombea mwanawe ruhusa ya kuhamia huku. Mama akaomba.

Jibu lilikuja baada ya kungoja sana. Watu wa uhamiaji walisema uhusiano haujathibitishwa. Mwombaji ana jina moja, anayeombewa ana jina jingine, baba anayetajwa ana jina la tatu, na binti anayeshuhudia ana la nne.

Nilimsomea mama, nikitafsiri. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

“Mimi njo nilimuzala,” akasema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambamo njo ni ndiye na bo ni wao. “Sasa bo banataka nani aseme? Tumbo?”

Wanjiru alicheka kile kicheko cha uchungu, akaniambia hata yeye yamempata. “Kijana yangu ako na jina ya baba yangu, bwanangu ako na yake. Pale airport waliniuliza kama nimemwiba. Nikawaambia kama ningeiba, si ningeiba mwenye hasumbui?”

Mimi sikuwa na wasiwasi. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa, kama mnautafuta. Nilijua kazi hii. Niliwaandikia mapadre wa kwetu, wakanitumia nakala za ubatizo na za ndoa. Na nilipozifungua, vijana wangu, nilikaa chini. Padre aliyembatiza Cirhuza alikuwa ametoka Quebec. Aliandika kama mapadre wote wa Quebec niliokuwa nikiwasoma miaka ile yote: tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama kwa baba yake, wasimamizi, na mwishoni kwamba wazazi wamesema hawajui kutia sahihi. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Cirhuza, mwana wa Mugisho na wa M'Cibalama. Msimamizi wake wa ubatizo, Nsimire, dada yake. Mimi huyu. Nilikuwa msichana mdogo, nimemshika.

Nikaandika ripoti kama ya Greenwood. Nikaweka sentensi yangu. Odile alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo nikaipeleka moja kwa moja kwa Bwana Harlan atie sahihi.

Aliisoma yote. Sitamnyima haki yake, aliisoma yote.

“Nsimire,” akasema, “hii ni kazi nzuri sana. Lakini sisi hatufanyi Afrika.”

“Sikuombi ufanye. Nimeshafanya. Nakuomba utie sahihi.”

“Wakiniuliza ninajua nini kuhusu desturi za huko?”

“Waliwahi kukuuliza unajua nini kuhusu desturi za Quebec?”

Akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la mtu anayefunga dirisha taratibu ili asikuudhi. “Hiyo ni tofauti,” akasema. “Kule kuna kumbukumbu.”

Nakala ya ubatizo ilikuwa mkononi mwake. Nilimwonyesha kwa kidole mahali padre alipoandika alikotoka. Akaitazama, akaninyooshea karatasi zangu akiwa amezipanga vizuri, akasema anaelewa jinsi jambo hili linavyonigusa, na kwamba hiyo hasa ndiyo sababu ofisi haiwezi kuhusika.

Nyinyi mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi siku ile. Ninawaona mkitaka kuuliza. Sikuacha kwa sababu kodi ya nyumba haijui hasira, na kwa sababu mama alihitaji dawa. Nilirudi mezani. Kulikuwa na ndugu wawili wa Vermont wananingoja, wenye majina mawili tofauti. Niliandika kwamba ni desturi inayojulikana. Harlan akatia sahihi jioni hiyohiyo. Nikimkumbuka leo ninawaka upya, na nina goti bovu na shinikizo la damu, daktari ananikataza kuwaka.

Ripoti yangu niliipeleka na jina langu mwenyewe. Wakajibu kwamba bado haitoshi, tulete damu ya kupima undugu. Si damu kweli. Ni kijiti cha pamba unachosuguliwa ndani ya shavu. Mama alipelekwa, akafungua kinywa kama mtu wa kukomunika. Njiani kurudi alicheka peke yake kwenye gari. “Sasa banamutafuta mutoto wangu mu mate,” akasema. Kule Kampala Cirhuza naye aliitwa, akapangiwa siku, siku ikaahirishwa, akapangiwa nyingine.

Kila jioni mama aliuliza Cirhuza amefika wapi. Aliuliza kama unavyouliza mtu aliye njiani, aliyeshavuka daraja, ambaye ukimwekea chakula hakitapoa. Nilimjibu kwa majina ya hatua za faili. Faili imetoka hapa, imeingia pale. Yeye alisikia miji. “Basi anakaribia,” alisema.

Alifariki asubuhi moja, Wanjiru akimsuka nywele. Mwezi uliofuata majibu ya kile kijiti yakafika. Yalisema kwamba Cirhuza ni mwanawe, bila shaka yoyote ya maana. Mwanasheria wetu, kijana mzuri, mtoto wa Mtanzania, akanieleza akiwa ameshika mikono yangu yote miwili: ombi lilikuwa la mama. Mwombaji akifa, ombi linakufa naye. Kuna mlango mdogo wa huruma, tukaugonga. Haukufunguliwa.

Kwa hiyo walithibitisha alichosema mama akichambua maharage, kisha wakafunga faili kwa sababu aliyesema amekufa. Nitafutieni neno la upole la kuliita jambo hilo. Mimi nina lugha nne na sijalipata, isipokuwa labda katika matusi ya Odile.

Ofisi ya juu ya duka la magodoro haipo tena. Harlan aliwauzia watu wa mashine, na mashine ndiyo hiyo mnayoibonyeza. Haina ubaya wa moyo. Imefundishwa tu kwamba nyumba moja ni jina moja, kwa hiyo ikimkuta mwanamke inamvua jina la baba yake, na ikiwakuta ndugu wenye majina mawili inawatenganisha. Kisha inakuuliza kama unakubali. Nyinyi mnakubali. Ofisa aliyemkataa Cirhuza alikuwa na karatasi yenye nafasi moja. Mnajichorea karatasi ileile kwa mikono yenu, siku ya Jumamosi, bila kulazimishwa na mtu.

Msikubali. Mkiulizwa jina la ukoo na mnayo matatu, andikeni yote matatu, hata yakitoka nje ya mstari. Mpigieni bibi simu kabla ya kubonyeza. Muulizeni jina lake kwa baba yake, na jina la mama yake kwa baba yake, na nani aliyemshika mtoto wakati wa kubatizwa, au wa kunyolewa nywele, au wa kupewa jina. Kila kwenu kuna aliyemshika. Akijibu, andikeni kama alivyosema. Ikiwa hamjui lugha ya kumuuliza, jifunzeni hiyo kwanza, mti utangoja.

Nilipokwenda kununua jiwe la kaburi la mama, muuzaji alinionyesha mifano. Yote ilikuwa na jina moja kubwa la ukoo juu, na wafu wamepangwa chini yake. Mimi nilikuwa nimeliona jiwe la Odile kule New Hampshire, kwenye makaburi ya watu wa viwandani: jina lake kwa baba yake kwa herufi kubwa, na chini, kwa ndogo, mke wa nani. Makaburi mazima yako hivyo. Mtafutaji yeyote akifika pale hatapotea. Nikampa muuzaji karatasi yangu. Akaisoma, akakuna shavu, akasema majina hayo hayafanani, watu watachanganyikiwa, na isitoshe hakuna nafasi.

Nikamwambia alete jiwe kubwa zaidi.

Siku lilipowekwa nilimpigia Cirhuza simu ya video. Kulikuwa na upepo, na Wanjiru alinishikia skafu ili isifunike kamera. Cirhuza alikuwa Kampala, mbele ya cherehani yake, amevaa shati jeupe kama anakwenda misa. Akaniomba nisogee. Nikapiga lile goti bovu kwenye nyasi, nikaisogeza simu mstari kwa mstari, naye akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyofundishwa shuleni:

“Maria M'Cibalama. Binti wa Cibalama. Mke wa Mugisho. Mama wa Nsimire. Mama wa Cirhuza.”

Nilisikia cherehani ya mtu mwingine ikienda nyuma yake.

“Bameandika,” akasema. “Mwisho bameandika.”

“Hapana bo,” nikamwambia. “Njo mimi niliandika.”